Mtaje kwa Kazi Yake

Ndugu mwenyekiti, dada zangu mnaofanya kazi katika teknolojia, kaka zangu mliokuja kusherehekea nasi, na nyinyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: nawasalimu nyote, na nashukuru kwa heshima mliyonipa.

Waandaaji waliniomba nizungumzie mafanikio ya wanawake katika teknolojia. Nilikubali papo hapo, maana ni jambo ninalolipenda kwa moyo wote. Ila niliwaomba waniache nisifu kwa namna ninayoiamini. Katika hafla kama hii nimeshasikia mara nyingi wanawake wakiitwa nguzo, nyota, majasiri, mama wa hiki na malkia wa kile. Ni maneno matamu na wanaoyasema wana nia njema. Lakini msemaji akishuka jukwaani ukamvuta pembeni, ukamuuliza, "Huyo dada uliyemsifu alitengeneza nini hasa?" mara nyingi hana jibu. Hapo ndipo ninapoumia. Mshairi husifiwa kwa beti zake, na seremala kwa mlango wake. Kwa nini mhandisi mwanamke asifiwe kwa ujasiri tu, na kile alichokitengeneza kisitajwe?

Basi leo nitawataja watu kwa kazi zao, na nitaeleza kazi yenyewe ilikuwa nini. Mtanivumilia nikiingia ndani kidogo. Ukumbi huu umejaa mafundi, na fundi haogopi maelezo.

Waliotutangulia walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nauheshimu msemo huo, lakini kwa kazi yetu naukataa. Katika teknolojia kizuri hunyamaza. Mtandao uliofungwa vizuri haukumbukwi na mtu mpaka siku utakapokatika. Hifadhidata iliyopangwa vyema, hakuna anayepiga simu kuishukuru. Anayepigiwa makofi ni aliyekesha kuzima moto, na aliyejenga nyumba isiyoshika moto hajulikani. Sehemu kubwa ya kazi ya wanawake katika historia ya kompyuta ni ya huyo wa pili. Ndiyo maana inabidi itajwe kwa sauti, maana yenyewe haitajitaja.

Twendeni Philadelphia, Marekani, mwaka 1945. Wakati huo "kompyuta" lilikuwa bado ni jina la kazi ya mtu, yaani mwajiriwa wa kupiga hesabu. Jeshi la Marekani lilikuwa limeajiri wanawake wengi waliosoma hisabati ili wakokotoe njia ya kombora la mzinga tangu linapotoka mpaka linapoanguka. Njia ya kombora moja ilimchukua mtu saa 30 mpaka 40 akitumia mashine ya hesabu ya mezani. Miongoni mwa wanawake hao wakachaguliwa sita: Kathleen McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Wakakabidhiwa mashine mpya iliyoitwa ENIAC, yenye uzito wa tani 30 hivi na mirija ya kielektroniki zaidi ya 17,000, wakaambiwa waifanye ikokotoe.

Kitabu cha maelekezo hakikuwapo. Lugha za programu zilikuwa hazijazaliwa. Mwanzoni hata chumba cha mashine hawakuruhusiwa kuingia, kwa sababu ya siri za kijeshi. Walipewa michoro ya saketi, wakaisoma kipande kwa kipande, wakawafuata wahandisi na maswali, mpaka wakaielewa mashine ambayo macho yao hayajaiona. Waliporuhusiwa kuingia, kazi ya kuandika programu ilikuwa kazi ya mikono: kuchomeka nyaya na kupanga maelfu ya swichi, ukikosea moja jibu zima linaharibika.

Februari 1946 ENIAC ikaonyeshwa hadharani. Hesabu ya maonyesho ilitayarishwa na Betty Snyder na Jean Jennings. Usiku wa kuamkia maonyesho, kasoro moja ilikuwa haijapata dawa: kombora likishagonga ardhi, hesabu haikusimama. Kwenye karatasi kombora liliendelea kwenda chini kwa chini. Walihangaika mpaka wakachoka, wakaenda kulala. Betty akaamka na jibu kichwani. Asubuhi akaingia, akageuza swichi moja, basi. Mbele ya wageni mashine ikamaliza hesabu kwa sekunde 20 hivi, upesi kuliko kombora lenyewe lingesafiri.

Usiku ule ikafanyika karamu ya kusherehekea. Wanawake wale hawakualikwa.

Picha zilibaki. Miaka ya 1980 mwanafunzi mmoja, Kathy Kleiman, alikuta picha za zamani za ENIAC zenye wanawake wamesimama kando ya mashine. Akauliza, hawa ni kina nani? Akaambiwa ni wanamitindo waliowekwa pale ili mashine ipendeze. Hakuridhika. Aliwatafuta, akawapata, nao wakamweleza kwa vinywa vyao walichokifanya. Mwaka 1997 ndipo wote sita walipoingizwa katika orodha ya heshima ya kimataifa ya wanawake wa teknolojia, miaka 51 baada ya karamu ile.

Nimekaa sana kwenye hadithi hii kwa sababu naijua kwa ndani. Nilipoanza kazi, katika kampuni ambayo sitaitaja, nilikesha majuma matatu nikihamisha taarifa za wateja kutoka mfumo wa zamani kwenda mfumo mpya. Zilihama zote, hakuna hata rekodi moja iliyopotea. Kikaitishwa kikao cha kupongezana, na mimi nikaombwa niandike kumbukumbu za kikao. Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe majina ya waliopongezwa, na jina langu halikuwemo. Niliumia, nikanyamaza. Leo nalisema kwa sababu nikiangalia nyuso za humu ndani naona wengi walioshika kalamu ya namna hiyo.

Sasa, kumtaja mtu kwa kazi yake kuna sharti: usipunguze, wala usiongeze. Wapo wanaotupenda kiasi cha kutuongezea, na nyongeza hiyo inatudhuru. Utasoma mitandaoni kwamba mwigizaji wa filamu Hedy Lamarr ndiye aliyevumbua Wi-Fi. Hakuivumbua. Mwaka 1942 yeye na mtunzi wa muziki George Antheil walipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya njia ya kuongoza torpido kwa mawimbi ya redio yanayorukaruka kati ya masafa 88, idadi ile ile ya vibonye vya piano, ili adui asijue pa kuyavurugia. Wazo la kurukaruka masafa linatumika hadi leo, na Bluetooth ni mfano mmojawapo. Kweli yenyewe inatosha kabisa, haihitaji kutiwa sukari.

Vivyo hivyo Ada Lovelace. Wanahistoria wanabishana kama anastahili kuitwa mwandishi wa kwanza wa programu. Mimi nawaachia ubishi huo, nashika kazi. Mwaka 1843, akiwa na miaka 27, alitafsiri makala ya Luigi Menabrea kuhusu mashine ya kukokotoa ambayo mvumbuzi Mwingereza Charles Babbage alikuwa ameibuni, akaongeza maelezo yake mwenyewe ambayo yalikuwa marefu karibu mara tatu ya makala yenyewe. Katika maelezo ya mwisho alionyesha hatua kwa hatua jinsi mashine hiyo ingekokotoa namba za Bernoulli, mfululizo wa namba unaotumika katika hisabati. Tena akaona jambo ambalo wengi hawakuliona: kwamba mashine inayochezea alama kwa kanuni inaweza kushughulika na vitu visivyo namba, hata muziki. Mashine yenyewe haikukamilika. Chini ya kazi yake alitia herufi tatu tu, A.A.L. Alifariki akiwa na miaka 36.

Margaret Hamilton nampa nafasi zaidi, kwa sababu kazi yake inafanana mno na kazi za wengi waliomo humu. Katika maabara ya MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, aliongoza timu iliyoandika programu za kompyuta za vyombo vya Apollo, vile vilivyopeleka watu mwezini. Alikuwa na mtoto mdogo, Lauren, na jioni au siku za mapumziko alikuwa akienda naye kazini. Siku moja mtoto alichezea vibonye vya mashine ya kuigiza safari. Akaita programu ya maandalizi ya kurushwa ilhali chombo, kwa mujibu wa maigizo, kilikuwa tayari kiko angani. Mfumo ukaanguka pale pale.

Hamilton akajiuliza: mwanaanga akibonyeza hivyo je? Akaomba aongeze kinga ndani ya programu. Akajibiwa kwamba wanaanga wamefunzwa vizuri, hawawezi kukosea namna ile. Desemba 1968, katika safari ya Apollo 8, mwanaanga Jim Lovell akakosea namna ile ile. Data za uelekeo zikafutika, ikabidi zitayarishwe upya duniani na kurushwa kwenda kwenye chombo.

Miezi saba baadaye, tarehe 20 Julai 1969, Apollo 11 ilikuwa dakika chache kutua mwezini. Kengele ikalia, na kwenye kioo ikatokea namba 1202. Kompyuta ilikuwa imezidiwa na kazi: rada ambayo haikuhitajika wakati ule ilikuwa ikiichukulia muda wake. Hapo programu ikafanya kile ilichoandaliwa kufanya. Ilitupa kazi zisizo za lazima, ikajiwasha upya, ikaendelea na kazi ya kutua. Watu wakatua salama. Hamilton hakuwa peke yake, ni kazi ya watu wengi, na yeye mwenyewe ndiye aliyepigania kazi hiyo iitwe uhandisi, wakati wengine waliiona kama karani anayejaza fomu. Tunapojiita wahandisi wa programu, jina hilo limepita mikononi mwake.

Lakini kabla ya safari, programu ile ilipaswa kwanza kufika kwenye chombo. Ilibidi ishonwe. Nasema kushonwa kwa maana yake halisi. Kumbukumbu ya kudumu ya kompyuta ya Apollo ilikuwa nyaya zilizopitishwa kwenye vipete vidogo vya sumaku: waya ukipita ndani ya kipete ni moja, ukipita nje ni sifuri. Waliozipitisha nyaya hizo kwa sindano, kiwandani huko Massachusetts, walikuwa wanawake, na baadhi yao walitoka katika viwanda vya nguo. Kosa moja la mshono lilikuwa kosa la programu, na kulifumua kulikula siku nyingi. Wanaanga tunawajua kwa majina. Hawa nawataja kwa kazi yao: waliishona programu ya kwenda mwezini, nayo ikafanya kazi.

Labda kuna kijana humu anayesema, hizo ni habari za zamani. Haya, toa simu yako mfukoni.

Chipu iliyomo ndani yake, karibu katika kila simu janja duniani, inafuata seti ya maagizo ya ARM, yaani orodha ya amri ambazo chipu inazielewa. Seti ya kwanza ilibuniwa na Sophie Wilson huko Cambridge, Uingereza, akishirikiana na Steve Furber aliyebuni mpangilio wa chipu yenyewe. Chipu ya kwanza ilifanya kazi Aprili 1985. Haikula umeme mwingi, na tabia hiyo ndiyo iliyoifanya ifae kwa simu miaka mingi baadaye. Ramani inayokuonyesha ulipo inategemea kujua umbo halisi la dunia, maana dunia si duara kamili, ina mabonde na vimo katika mvuto wake. Gladys West, mwanahisabati mweusi aliyeanza kazi katika kituo cha jeshi la majini cha Dahlgren, Virginia, mwaka 1956, alitumia miaka mingi akipanga kompyuta zichakate vipimo vya setilaiti mpaka umbo hilo likapatikana kwa usahihi unaohitajiwa na GPS. Heshima ya hadharani ilimfikia mwaka 2018, akiwa bibi aliyestaafu.

Ukifungua ukurasa wa kutafuta, unakutana na Karen Spärck Jones. Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, naomba mniruhusu niieleze. Mzazi anaandika, "dawa ya kifaduro kwa watoto." Neno "ya" limo katika karibu kila andiko la Kiswahili, na "kwa" vilevile. Ukiyapa uzito sawa na mengine, mashine itakuletea dunia nzima. Neno "kifaduro" limo katika maandiko machache, na hilo ndilo linalobeba anachokitaka mzazi yule. Mwaka 1972 Spärck Jones alionyesha kwa hesabu kwamba neno lipewe uzito kadiri linavyokuwa adimu katika mkusanyiko mzima. Ni wazo ambalo ukishalisikia unaona ni dhahiri, na kabla yake halikuwa dhahiri kwa mtu. Injini za utafutaji zilisimama juu yake. Uprofesa aliupata mwaka 1999. Alikuwa akisema kwamba kompyuta ni jambo kubwa mno kuachiwa wanaume.

Na Radia Perlman, ambaye hapendi kuitwa mama wa intaneti, nami namheshimu kwa hilo. Ni mfano wa kile ninachokisema: jina kubwa lisilosema kitu. Kazi yake ninaweza kuieleza kwa sentensi chache. Ukiunganisha swichi za mtandao, yaani vifaa vinavyounganisha kompyuta, kwa nyaya za ziada ili waya mmoja ukikatika mwingine ushike, unatengeneza mizunguko. Ujumbe ukiingia kwenye mzunguko huzunguka bila mwisho, unajizalisha, mpaka mtandao wote unasongwa. Mwaka 1985 Perlman alibuni njia ya swichi zenyewe kuzungumza na kukubaliana ni nyaya zipi zitumike na zipi zipumzike, ili kila mahali pafikike kwa njia moja tu, kama matawi ya mti. Waya ukikatika, zinajipanga upya bila kumwamsha mtu. Alipoieleza kazi hiyo kwa wenzake alitunga na shairi fupi juu yake. Mtu aliyewahi kukesha akitafuta mzunguko kwenye mtandao anajua thamani ya zawadi hiyo.

Grace Hopper mnamjua, sitakaa sana. Mwaka 1952 alikuwa na programu inayoyageuza maandishi ya binadamu kuwa maagizo ya mashine, watu wakamwambia kompyuta haiwezi kufanya hivyo, inajua hesabu tu. Akaendelea mpaka akatoa lugha ya programu yenye maneno ya kawaida ya Kiingereza, na kutoka humo ikatoka lugha ya COBOL mwaka 1959. Wanaosimulia humtaja yeye tu. Naomba na Mary Hawes atajwe, aliyetoa mwito wa kukaa pamoja kutengeneza lugha moja ya shughuli za biashara, na Jean Sammet, aliyekaa kwenye kamati ikiandika, na Betty Snyder yule yule wa ENIAC, ambaye wakati huo alikuwa akiitwa Betty Holberton. COBOL bado inaendesha mifumo ya mabenki hadi leo ninaposema.

Wapo waliolazimika kuficha jina ili kazi ipite. Stephanie Shirley alifika Uingereza mwaka 1939, mtoto mkimbizi wa miaka mitano. Mwaka 1962 alianzisha kampuni ya programu kwa mtaji wa pauni 6. Aliandika barua za kutafuta kazi, hazikujibiwa. Mumewe akamshauri atie sahihi "Steve." Majibu yakaanza kuja, na walipogundua kwamba Steve ni mwanamke, mkutano ulikuwa umeshaanza. Aliajiri wanawake walioacha kazi kwa sababu ya ndoa au watoto, wakafanyia kazi nyumbani, jambo ambalo miaka ile lilionekana kichekesho. Kati ya wafanyakazi wake 300 wa kwanza, 297 walikuwa wanawake. Miongoni mwa kazi zao ni programu ya kinasa safari cha ndege ya Concorde. Sheria ya mwaka 1975 ya kupinga ubaguzi wa kijinsia ikamlazimu afungue mlango kwa wanaume pia, naye akaufungua.

Kuna jambo sipendi kulipita kimya, ijapokuwa leo ni siku ya furaha. Tuzo ya Turing, ambayo kwetu watu wa kompyuta ndiyo kubwa kuliko zote, ilianza mwaka 1966. Mwanamke wa kwanza, Frances Allen wa IBM, aliipata ya mwaka 2006, kwa kazi yake ya kuzifanya programu ziende kasi kwenye mashine. Miaka 40. Wakafuata Barbara Liskov, tuzo ya 2008, na Shafi Goldwasser, ya 2012. Nchini Marekani, mwaka 1984, wanawake walikuwa asilimia 37 hivi ya waliohitimu shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta. Baadaye ikashuka mpaka kama asilimia 18. Akili za wasichana hazikupungua. Kompyuta za nyumbani zilikuwa zimeingia, zikatangazwa kama michezo ya wavulana na kuwekwa vyumbani mwao, na vyuo vikaanza kufundisha kana kwamba kila anayeingia ameshacheza nazo miaka mitano.

Na ninajua hivyo kwa sababu kuna mahali palipogeuzwa. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mwaka 1995 kilikuwa na wasichana asilimia 7 katika darasa la kwanza la sayansi ya kompyuta. Jane Margolis na Allan Fisher wakakaa na wanafunzi, wakawahoji mwaka hadi mwaka. Wakaona kwamba kuijua kompyuta kabla ya chuo hakukuwa kipimo cha nani atafaulu mwishoni. Chuo kikaacha kupendelea uzoefu wa awali, kikafungua milango tofauti ya kuanzia masomo. Mwaka 2000 wasichana walikuwa asilimia 42. Miaka mitano tu! Walimu mliomo humu, nawaomba mzichukue namba hizo mbili, 7 na 42, mkae nazo.

Joy Buolamwini alikuwa mwanafunzi MIT alipogundua kwamba programu ya kutambua nyuso haimwoni. Akavaa kinyago cheupe, ikamwona. Angeweza kununua taa kali zaidi akaendelea na mradi wake. Badala yake aliyageuza maumivu yale kuwa kipimo. Mwaka 2018, yeye na Timnit Gebru walichapisha matokeo ya kupima mifumo ya kampuni tatu zinazouza teknolojia ya kutambua jinsia ya mtu kwa uso. Kwa wanaume weupe makosa hayakufika asilimia 1. Kwa wanawake weusi, mfumo mmoja ulikosea karibu mara 35 katika kila 100. Kabla ya hapo kampuni zilikuwa zikitoa wastani mmoja wa watu wote, na ndani ya wastani huo mwanamke mweusi alikuwa amefukiwa. Wao walichofanya ni kuugawa wastani. Hesabu ya darasa la chini kabisa, iliyoulizwa na mtu aliyekuwa na sababu ya kuiuliza.

Wakati mwingine kazi inazungumza lugha yetu wenyewe. Mwanzoni mwa 2008, Kenya ikiwa katika machafuko ya baada ya uchaguzi, mwanasheria Ory Okolloh alitoa wazo la ramani ambayo mwananchi wa kawaida angetuma habari ya kile anachokiona. Yeye, Juliana Rotich na wenzao wakaijenga, wakaiita Ushahidi. Mwaka 2010 tetemeko lilipoipiga Haiti, programu hiyo hiyo ilikusanya ujumbe wa watu waliokuwa wakiomba msaada. Nikisikia wageni wasiojua neno jingine la Kiswahili wakilitamka hilo, moyo wangu hujaa.

Nimesema mengi kuhusu watu wasiomo humu. Muda uliobaki ni wenu.

Nimewaomba waandaaji waweke vipaza sauti viwili katikati ya viti. Naomba kila mwanamke aliyeko hapa anayefanya kazi hii, awe wa mifumo, wa mitandao, wa maunzi, wa data, wa kupima programu kabla haijatoka, wa kupokea simu za watumiaji waliokwama, asimame na kutaja kitu kimoja alichokifanya mwaka huu. Sentensi moja. Usiseme "tulisaidiana," hata kama mlisaidiana, sema mkono wako uligusa nini. Usianze na "ni kitu kidogo tu." Na nyinyi kaka zangu mtatufanyia kazi moja: mtaandika kumbukumbu. Jina, na kazi, kama ilivyotamkwa.

Naanza mimi. Mwaka huu nilibadilisha mpangilio wa nakala rudufu za mfumo ninaousimamia, kisha nikauzima mfumo wote kwa makusudi usiku wa Jumapili ili nione kama utarudi. Ulirudi baada ya dakika 11, data zote zikiwa mahali pake, na asubuhi hakuna mtumiaji aliyejua.

Dada wa mstari wa tatu, mwenye kitambaa cha kijani, umeshainua mkono. Mpeni kipaza sauti.